Gesi, Umeme au Vyote Viwili: Namna ya Kuchagua Jiko Litakaloifaa Nyumba Yako

Anayekwenda Kariakoo kutafuta jiko la kusimama lenye oveni huulizwa swali moja mapema sana: "Unataka gesi tupu, au gesi tatu umeme moja?" Wengi hujibu kwa kukisia, hulipa, hupakia jiko kwenye kirikuu, na huanza kulifahamu jiko lao wiki mbili baadaye, wakati hakuna tena namna ya kulirudisha. Mimi naamini kwamba jibu la swali hilo haliko dukani. Limo ndani ya nyumba yako: kwenye sufuria unazopikia, kwenye waya uliopita ukutani, na kwenye risiti ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia nyumbani na kuishia dukani.

Kwanza tuelewane kuhusu aina zenyewe, kwa sababu wauzaji hutumia maneno yaleyale kwa vitu tofauti. Jiko la gesi tupu lina vichwa vya gesi juu na oveni ya gesi chini. Jiko la umeme tupu lina pleti za chuma, au kioo cheusi chenye nyaya za joto chini yake, au sehemu ya indaksheni ambayo hupasha sufuria yenyewe kwa nguvu ya sumaku, na oveni yake ni ya umeme. Jiko la mchanganyiko ndilo lenye utata. Liko lile ambalo juu kote ni gesi na oveni peke yake ndiyo ya umeme. Liko pia hilo maarufu la gesi tatu na pleti moja ya umeme, ambalo oveni yake inaweza kuwa ya gesi au ya umeme. Neno "mchanganyiko" kwenye boksi halikuambii oveni inatumia nini. Fungua mlango wa oveni uangalie mwenyewe. Ukiona kwenye dari yake chuma cheusi kilichopindwapindwa kama nyoka, hiyo ni elementi, na walau sehemu ya juu ya oveni inatumia umeme. Ukiona sakafu yenye matundu na kitundu kimoja cha kupitishia njiti ya kiberiti, hiyo ni gesi chini, hata kama juu kuna elementi ya kubabulia.

Anza na unachopika

Chakula chetu kina tabia zake, na jiko lisiloziheshimu litakuudhi kila siku. Chukua mfano wa tui. Mchuzi wa samaki ulioungwa kwa tui zito hutaka moto upungue mara moja pale tui linapoanza kuchemka, la sivyo tui hukatika na mafuta hujitenga. Kwenye gesi unapunguza moto na papo hapo joto linashuka. Kwenye pleti ya chuma unaweza kuzima kabisa na mchuzi ukaendelea kutokota kwa dakika kadhaa, kwa kuwa chuma kile kinene kimehifadhi joto. Dawa yake ni kuiondoa sufuria na kuiweka pembeni, jambo linalowezekana, ila linadai mpishi asiondoke jikoni.

Tabia hiyohiyo ya pleti inageuka kuwa faida kwenye wali. Maji yakikaribia kukauka, zima umeme na uache sufuria imefunikwa juu ya pleti kwa dakika 10 au zaidi. Joto lililobaki litaukausha wali bila kuuunguza, na hutakuwa umelipia dakika hizo. Chapati nazo hupata joto lililosambaa vizuri kwenye pleti, mradi kikaango chako kiwe na kitako kilichonyooka. Hapa ndipo pa kuangalia sufuria zako. Zigeuze juu chini uweke rula kwenye kitako. Sufuria nyingi za alumini zilizotumika miaka kadhaa zimebonyea au zimevimba katikati, na sufuria ya namna hiyo inagusa pleti mahali padogo tu, kwa hiyo umeme mwingi unapasha hewa. Moto wa gesi haujali kitako kilichopinda.

Chuma cha vitumbua ndicho kipimo ninachokipenda zaidi. Kwa chini kina vikombe vilivyofura, na ukikiweka juu ya pleti bapa kinagusa kwa ncha za vikombe tu. Vitumbua vya katikati vinaungua na vya pembeni vinabaki na unga mbichi. Juu ya gesi ndimi za moto hupanda na kupita katikati ya vikombe, na vyote hujaa na kupasuka vizuri. Nyumba ambayo hupika vitumbua kila asubuhi, au hupika kwa kuuza, haina sababu ya kuacha gesi sehemu ya juu.

Ugali una jambo lake. Anayesonga ugali wa watu wanane anaikandamiza sufuria kwa nguvu, na jiko dogo la mezani huteleza, wakati kioo cha jiko la kisasa kinaweza kukwaruzika au hata kupasuka sufuria nzito inapogongwa juu yake. Kwa hiyo nenda dukani na sufuria yako ya ugali. Usione haya. Iweke juu ya vyuma vya kuegeshea, ishike sikio kwa mkono mmoja na uisukume kama unayesonga. Vyuma vyembamba vya waya vitacheza na kupinda. Vile vizito vya chuma cha kumimina vitatulia.

Kwa oveni maoni yangu ni mengine kabisa. Oveni ya gesi iliyomo kwenye majiko mengi ya bei ya kati ina moto chini peke yake, na gesi inapoungua hutoa mvuke wa maji, hivyo hewa ya ndani inakuwa na unyevu. Keki huiva chini haraka huku juu ikibaki nyeupe, na mkate wa sinia hauchukui rangi yake hadi kitako kikauke kupita kiasi. Nyingi hazina hata thamostati ya kweli, yaani kifaa cha kudhibiti joto. Alama zilizo kwenye kizungushio zinaeleza ukubwa wa moto tu, na nyuzi za joto utazikisia mwenyewe. Oveni ya umeme ina elementi juu na chini, joto lake ni kavu, na thamostati huwasha na kuzima yenyewe. Hata wali wa kupaliwa, uliokuwa ukihitaji makaa juu ya mfuniko, hukamilika vizuri ukiwekwa humo katika nyuzi 150 kwa dakika 20 hivi. Anayeoka mara kwa mara atafute oveni ya umeme. Anayeoka keki mbili kwa mwaka asilipie oveni ya aina yoyote. Anunue jiko la mezani lenye vichwa viwili vizuri na atumie fedha iliyobaki kwa sufuria nzuri.

Waya ulioko ukutani

Sehemu hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayounguza nyumba. Nitasimulia yaliyonipata. Nilinunua jiko la gesi tatu na umeme moja, lenye oveni ya umeme, na muuzaji akaniambia nichomeke tu kwenye soketi ya kawaida. Kwa miezi miwili hapakuwa na tatizo kwa kuwa nilitumia ama oveni ama pleti. Siku moja ya Ramadhani, saa kumi na moja jioni, mkate wa sinia ulikuwa kwenye oveni na sufuria ya tambi juu ya pleti, nikasikia harufu kama ya plastiki iliyowekwa karibu na moto. Nilipogusa plagi ilikuwa ya moto kiasi cha kutoshikika. Nilizima meni swichi, nikaichomoa kwa kitambaa, nikaona tundu moja la soketi limegeuka rangi ya kahawia na plastiki yake imelegea kuzunguka pini. Fundi umeme alipokuja aliliangalia jiko, kisha akafungua soketi. "Dada, jiko lako ni zima," aliniambia. "Huu waya umebebeshwa mzigo usio wake."

Hesabu yake ni rahisi na kila mnunuzi anaweza kuifanya. Umeme wetu wa majumbani ni volti 230, na soketi ya pini tatu bapa imetengenezwa kwa ampea 13. Zidisha: ni wati 2,990, tuseme 3,000 kwa ukomo. Pleti ndogo ya chuma hula wati 1,000, kubwa wati 1,500 na ile ya haraka wati 2,000. Oveni nyingi ziko kati ya wati 2,000 na 2,500. Pleti yangu ya 1,500 na oveni ya 2,200 zilifika 3,700, na hakuna soketi ya kawaida inayopaswa kubeba mzigo huo, sembuse ekstensheni.

Kabla ya kununua, soma kibati kilichobandikwa nyuma ya jiko au ndani ya mlango wa oveni. Kimeandikwa jumla ya wati. Ikiwa jumla haizidi 3,000, soketi nzima yenye waya wa milimita za mraba 2.5 itatosha, mradi usichomeke kitu kingine hapo. Ikiwa ni kati ya 3,000 na 4,500, mwite fundi avute laini ya peke yake kutoka kwenye kisanduku cha breka, kwa waya wa milimita za mraba 4 na breka ya ampea 20. Jiko kamili la umeme lenye pleti nne na oveni hufika wati 6,000 hadi 7,500, nalo linadai waya wa milimita za mraba 6, breka ya ampea 32, na swichi yake kubwa ukutani badala ya plagi. Gharama ya kazi hiyo ni sehemu ya bei ya jiko. Asiyeweza kuilipa sasa asinunue jiko linaloihitaji.

Waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja, nao usiachwe. Elementi za oveni huzeeka na kuingiza unyevu, na zikivuja, umeme huja kwenye bodi ya jiko ambayo ni bati tupu. Nyumba nyingi za kupanga zina soketi yenye tundu la tatu lisilounganishwa na chochote. Mwambie fundi apime ethi kwa kifaa, na aweke breka inayokata umeme unapovuja. Ukisikia mwasho mdogo kwenye vidole unapogusa jiko, huo ni umeme. Zima na uite fundi siku hiyohiyo.

Kuna pia suala la umeme mdogo. Katika mitaa iliyo mbali na transfoma, jioni volti hushuka, na nguvu ya elementi hushuka kwa kasi kuliko volti zenyewe. Volti zikiwa 180 badala ya 230, oveni ya wati 2,000 inatoa wati 1,200 na ushei tu, yaani kama asilimia 61 ya nguvu yake. Mpishi hulaumu hamira au unga, kumbe oveni haikufika joto lake. Kama taa zako hufifia kila jioni, panga kuoka mchana. Jiko la indaksheni na jiko la presha la umeme (sufuria ya umeme yenye mfuniko unaofungwa ili mvuke usitoke) vina vifaa vya kielektroniki ambavyo huumia umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo, kwa hiyo ni vyema vilindwe kwa gadi kama ile ya friji, iliyo na uwezo wa kubeba wati zake.

Hesabu ya fedha

Watu wengi huogopa umeme kwa kusikia tu kwamba "unakula uniti". Tuweke hesabu mezani. Kilo moja ya gesi ya mtungi ina nishati ya karibu uniti 12.8 za umeme. Lakini katika jiko la gesi nusu hivi tu ya joto hilo huingia kwenye sufuria, na lililobaki hupanda kando na kujaza joto jikoni. Pleti ya chuma hufikisha kwenye sufuria kama sehemu saba za kumi, na indaksheni kama asilimia 85. Kwa hiyo kazi inayofanywa na kilo moja ya gesi huhitaji uniti 9 hadi 10 kwenye pleti, au karibu 8 kwenye indaksheni. Mtungi wa kilo 6 unalingana na uniti 54 hadi 60 za pleti.

Sasa chukua risiti yako ya LUKU, ugawanye fedha uliyolipa kwa uniti ulizopewa, ili upate bei yako halisi pamoja na kodi na tozo. Katika orodha ya bei za TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, iliyotangazwa mwaka 2016, mteja wa kawaida wa kundi la T1 hutozwa shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo; ukizijumlisha, uniti hufika kama shilingi 350 na kitu. Kwa bei hiyo uniti 57 ni shilingi 20,000 hivi. Ikiwa mtaani kwako mtungi wa kilo 6 unajazwa kwa shilingi 24,000, utaona kwamba pleti haiachani sana na gesi, na indaksheni iko chini kidogo. Yaani kwa mteja huyo fedha haipaswi kuwa ndiyo sababu ya kuchagua.

Mambo hubadilika kwa mteja wa kundi la D1, ambaye katika orodha hiyohiyo hulipa shilingi 100 kabla ya kodi kwa kila moja ya uniti 75 za kwanza za mwezi. Kwake umeme ni rahisi mno, lakini ni rahisi hadi pale zile 75 zinapokwisha. Friji, taa na televisheni zikishachukua 40 au 50, zinabaki uniti chache tu za kupikia, na kila inayozidi 75 hutozwa shilingi 350 kabla ya kodi. Familia ikihamishia mapishi yote kwenye pleti itavuka mpaka huo, na ikiendelea kuuvuka inaweza kuondolewa kabisa kwenye kundi hilo. Huyu asihamie kwenye jiko la umeme tupu. Abaki na gesi, na uniti zake za bei nafuu azitumie kwa kitu kimoja ambacho nitakitaja sasa hivi. Msomaji wa Zanzibar au Kenya afanye hesabu hiihii kwa bei za kwake, maana bei ni nyingine lakini njia ya kukokotoa ni ileile.

Kitu chenyewe ni jiko la presha la umeme. Maharage makavu juu ya gesi hutokota saa mbili au zaidi na kula gramu 200 za gesi na kuendelea, ambazo kwa bei ya mfano wetu ni shilingi 800. Jiko la presha huyaivisha kwa karibu nusu uniti, yaani chini ya shilingi 200 kwa bei ya T1, kwa sababu likishafika presha yake halihitaji tena umeme mwingi. Kande, makongoro na nyama ngumu ni vivyo hivyo. Ndiyo sababu mtu anaponiuliza achague gesi au umeme, mara nyingi namjibu kwamba mchanganyiko ulio bora kwa nyumba nyingi ni gesi ya vichwa viwili juu ya meza na jiko la presha la umeme kando yake, na kwa fedha ndogo kuliko jiko la kusimama. Jiko hilo la presha lina wati 1,000 hivi, soketi ya kawaida inalibeba bila shida, na hata umeme ukikatika katikati chakula huendelea kuiva kwa joto lililofungiwa humo.

Anayeishi katika nyumba ya kupanga yenye mita moja ya wapangaji wote yuko katika hali tofauti. Hata umeme ungekuwa nafuu, jiko la umeme litaleta ugomvi wa uniti, na wenye nyumba wengi hulikataza. Huyo achukue gesi. Ila kama chumba hakina dirisha la kupitisha hewa, gesi nayo ina hatari: moto wowote hula hewa na, usipoungua vizuri, hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Apikie barazani au mlango ukiwa wazi, wala asilale jiko likiwaka.

Ukifika dukani

Kwa upande wa gesi, jambo la kwanza kuuliza ni kama kila kichwa kina kinga ya kufunga gesi moto unapozimika. Ni kijiti kidogo cha chuma kilichosimama kando ya kichwa, na ukiwasha jiko lenye kinga hiyo unalazimika kukandamiza kizungushio kwa sekunde kadhaa kabla moto haujashika. Wauzaji wengine huieleza hali hiyo kama ubovu na kukusifia jiko linalowaka papo hapo. Usikubali. Omba jiko liunganishwe kwenye mtungi, washa, kisha uzime moto kwa kuupuliza. Ndani ya dakika moja na nusu utasikia "tak", na gesi itakuwa imefungwa. Uji ukimwagika na kuzima moto usiku, mlio huo mdogo ndio utakaowalinda watoto wako. Kwenye oveni ya gesi kinga hiyo ni ya lazima zaidi, kwa kuwa moto wake hauonekani.

Angalia rangi ya moto. Unapaswa kuwa wa bluu, umetulia, na usiruke kutoka kwenye kichwa. Moto wa njano unaopaka masizi kwenye sufuria unaonyesha kwamba hewa ni kidogo, kichwa ni kichafu, au nozeli si ya gesi hiyo. Nozeli ni kile kipande cha shaba chenye tundu jembamba kinachopitisha gesi, na hapa ndipo wanaoletewa majiko kutoka nje hupata hasara. Nyumba nyingi za Uingereza hutumia gesi asilia ya mabomba, na jiko lililofungwa kwa gesi hiyo lina nozeli zenye matundu makubwa. Likiunganishwa kwenye mtungi hutoa moto mrefu wa njano, wa hatari. Fundi anaweza kubadilisha nozeli, lakini ni lazima zipatikane za jiko hilohilo. Asipanue wala kuziba kwa mkono. Kinyume chake ni kwa wakazi wa Mtwara na sehemu za Dar es Salaam waliounganishiwa gesi asilia: jiko la mtungi kwao litatoa moto dhaifu hadi nozeli zibadilishwe. Jiko linalotoka Oman kwa kawaida huja na plagi kama yetu na volti zinazoendana na zetu. Jiko la Marekani libaki huko huko: viwashio na saa yake ni vya volti 120, na oveni zake nyingi za gesi haziwaki kabisa umeme ukikatika.

Kuhusu kukatika kwa umeme, hakikisha vichwa vya gesi vya jiko lako vinaweza kuwashwa kwa kiberiti. Umwambie muuzaji achomoe plagi, kisha uwashe kwa njiti yako.

Usisahau mtungi. Regulata, vile vifaa vinavyofungwa mdomoni mwa mtungi kupunguza nguvu ya gesi, za mitungi midogo na mikubwa hazifanani, na hutofautiana pia kutoka kampuni moja hadi nyingine, kwa hiyo amua kwanza utatumia mtungi gani unaopatikana karibu na kwako, ndipo ununue regulata yake. Mtungi wa kilo 15 unafaa jiko la kusimama kuliko wa kilo 6, kwa sababu vichwa vitatu vikiwaka pamoja vinavuta gesi kwa kasi, na mtungi mdogo hupoa, hutoa jasho, na moto huanza kusinyaa. Watu wa Njombe na Makete wanaijua hali hii asubuhi za Juni na Julai, wakati baridi inafanya gesi igeuke mvuke kwa shida. Wao wachukue mtungi mkubwa, na wasijaribu kamwe kuupasha moto. Unaponunua gesi, dai mtungi upimwe. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Jumlisha kilo za gesi unazolipia, na mizani ionyeshe hivyo.

Siku ya kulifunga

Weka jiko mahali ambapo mpira wa gesi hautapita nyuma ya oveni, maana joto la hapo huukausha na kuupasua. Mpira uwe wa gesi, wenye tarehe iliyochapishwa, usiozidi mita moja na nusu, na ukazwe kwa klipu za chuma pande zote mbili. Kipande cha mpira wa baiskeli si klipu. Mtungi usimame wima daima. Ukilazwa, gesi ikiwa bado maji hupita kwenye regulata na moto huruka ghafla.

Fungua gesi, kisha upake povu la sabuni kwenye regulata, kwenye miisho yote ya mpira na kwenye kiungo cha jiko. Tazama kwa subira. Mapovu yakianza kukua, funga, kaza, upake tena. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na hukaa chini kama maji, kwa hiyo harufu yake ikisikika, funga mtungi, fungua milango wazi kabisa, na usiwashe wala kuzima swichi yoyote ya taa hadi harufu iishe.

Oveni ya umeme iwashe tupu katika nyuzi 200 kwa dakika 20 au 30, madirisha yakiwa wazi. Itatoa moshi kidogo na harufu ya mafuta ya kiwandani. Hiyo ni kawaida ya mara ya kwanza. Inapoendelea kuwaka washa na pleti kwa joto la juu kabisa, halafu uende ukaguse ukutani pale waya unapoingia, na kwenye plagi kama ipo. Uvuguvugu si tatizo. Pakiwa pa moto usiovumilika kwa mkono, zima kila kitu na umrudishe fundi kabla hujapika chochote.